Sauti Iliyohama: Istilahi za Sauti ya Kompyuta na Tatizo la Neno "Kipaza Sauti"

1. Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kueleza istilahi za fani moja ndogo, nayo ni sauti ya kompyuta, hasa hitilafu ya sauti inayotokea baada ya kompyuta kubadilishiwa kadi ya michoro. Yamkini msomaji atauliza jambo dogo kama hilo lina uzito gani hata likatengewa kurasa katika jarida la lugha. Jibu letu ni kwamba ubora wa istilahi haupimwi kwa kamusi peke yake. Hupimwa siku ile mtu anaposhika karatasi ya maelekezo, akayafuata neno kwa neno, na kazi ikafanyika au ikashindikana. Istilahi ikishindwa hapo, hata ikiwa na asili safi na umbo zuri, bado imeshindwa.

Kompyuta ilifika nchini mapema kuliko wengi wanavyodhani. Katika miaka ya 1960 Hazina ilikwisha kuwa nayo. Lakini mwaka 1974 Serikali iliweka zuio la kuingiza mashine hizo, na kwa miaka mingi baadaye zilibaki kuwa vyombo vya ofisi chache. Kwa sababu hiyo mafundi wachache waliozihudumia walizungumza kwa Kiingereza, na Kiswahili hakikulazimika kuvitaja viungo vya ndani vya mashine. Hali ilibadilika zuio lilipoondoka na kompyuta zilizokwisha tumika ng'ambo zilipoanza kuuzwa Kariakoo. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa programu za ofisi zenye maneno ya Kiswahili, na makampuni makubwa ya nje yakafuata. Leo anayeifungua kompyuta na kuchomoa waya si mtaalamu tu. Ni mwalimu, karani wa kata, au kijana wa duka la kunakili karatasi. Hao ndio wanaohitaji lugha isiyowapoteza njia.

2. Kisa cha Kimara

Tumeona vema tuanze na kisa cha kweli, kilichotufanya tuandike makala haya. Kimara iko kando ya Barabara ya Morogoro, upande wa magharibi wa jiji la Dar es Salaam. Zamani ilihesabiwa katika Kinondoni, na sasa imo katika Manispaa ya Ubungo. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi mwaka 2016, hapo ndipo yalipokuwa yakigeuzia. Katika shule moja ya huko, ambayo hatutaitaja, kuna chumba cha wanafunzi wenye uoni hafifu na wasioona. Chumbani mna kompyuta moja ya mezani yenye programu ya kusoma skrini, yaani programu inayotamka kwa sauti kila neno lililoandikwa. Programu hiyo ni NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na vijana wawili wasioona wa Australia, Michael Curran na James Teh, na hutolewa bila malipo.

Shule ilipata skrini pana kwa ajili ya wale wanaoona kidogo, ili herufi zikuzwe. Kompyuta ilikuwa na tundu la picha la aina ya zamani tu, na skrini ilitaka tundu la HDMI. Fundi akaitwa. Akafunga kadi ya michoro iliyokwisha tumika, akaunganisha waya mpya, na picha ikatokea safi. Lakini sauti haikutoka. Katika darasa la kawaida tungesema pamepungua kitu kidogo. Katika chumba hicho sauti ndiyo iliyokuwa skrini ya wale wasioona, nao walikuwa wamepoteza kompyuta nzima.

Fundi alitoa hukumu yake: "Mwalimu, kadi ya sauti imeungua. Itabidi inunuliwe nyingine." Mwalimu hakuridhika. Alikuwa na karatasi ya maelekezo iliyofasiriwa kwa Kiswahili, asijue aliyeifasiri, akaisoma. Sehemu ya hitilafu za sauti ilisema hivi: hakikisha kipaza sauti kimechaguliwa kuwa chaguo-msingi, kama kipaza sauti hakionekani, chomoa kipaza sauti na kuunganisha upya, kisha jaribu kipaza sauti. Mwalimu alifungua orodha ya vifaa, akatafuta kipaza sauti, yaani kile cha kusemea, akakikuta kimechaguliwa. Akakichomoa, akakichomeka, akasema "haloo" mara tatu. Alama ya kipimo cha sauti iliruka kila aliposema. Karatasi ilikuwa imekwisha kumjibu kwamba mambo yote ni sawa. Basi lazima fundi awe na haki, na mwalimu akawa tayari kutoa fedha mfukoni mwake.

Aliyemwokoa ni mwanafunzi mmoja asiyeona kabisa. Aliuliza tangu lini sauti imepotea, akajibiwa kuwa ni tangu waya mpya ulipofungwa. Akapapasa nyuma ya mashine, akaupata waya huo na kuuchomoa. Picha ikazimika, na papo hapo kompyuta ikaanza kusema. "Mwalimu," alisema, "sauti haikufa. Imehama."

Mwalimu alituletea karatasi ile ofisini na swali moja tu: "Ndugu zangu, kipaza sauti ni kipi?" Makala haya ni jibu letu kwake.

3. Sauti hupita wapi

Hatuwezi kuchagua neno la kitu tusichokifahamu. Kwa hiyo tueleze kwanza, kwa ufupi, kinachotendeka ndani ya mashine.

Ndani ya kompyuta sauti huwekwa kama mfululizo wa tarakimu. Katika santuri za kompakti zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, kila sekunde ya sauti huandikwa kwa vipimo 44,100 kwa kila upande, kulia na kushoto. Sikio halisikii tarakimu. Lazima pawe na kifaa cha kuzigeuza ziwe mkondo wa umeme unaopanda na kushuka, kisha kifaa cha kuukuza mkondo huo, na mwisho kifaa cha kuugeuza mtikisiko wa hewa. Basi kuna hatua tatu: kugeuza, kukuza na kutoa. Katika kompyuta nyingi za leo hatua ya kwanza hufanywa na kijiti kidogo kilichogandishwa kwenye ubao mkuu, ule ambao mafundi huuita madabodi. Kadi ya sauti ya kuchomeka pembeni, iliyokuwa ya lazima katika miaka ya 1990, sasa ni nadra kuonekana. Kwa hiyo fundi wa Kimara alipotamka kwamba kadi ya sauti imeungua, alitaja kifaa ambacho huenda mashine ile haikuwa nacho kabisa.

Picha nayo ilikuwa na njia yake. Tundu la VGA, lililoletwa na kampuni ya IBM mwaka 1987, hupitisha picha tu. Kompyuta yenye tundu hilo ilikuwa na njia mbili zisizokutana: waya wa picha kwenda kwenye skrini, na waya wa sauti kwenda kwenye spika. Utaratibu wa HDMI, uliotangazwa mwaka 2002, uliunganisha njia hizo. Waya mmoja wa HDMI hubeba picha na sauti pamoja, na hali ni hiyo hiyo kwa DisplayPort iliyofuata mwaka 2006.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kwa kuwa waya wa HDMI hubeba sauti, kadi ya michoro yenye tundu hilo huwa na kifaa chake cha kushughulikia sauti. Anayefunga kadi mpya ya michoro hudhani ameongeza picha, kumbe ameongeza na sauti. Mfumo wa uendeshaji wa kompyuta sasa unaona njia mbili za kutolea sauti: ile ya zamani ya ubao mkuu, na hii mpya ya kadi. Mara nyingi huichagua hii mpya bila ya kumwuliza mwenye mashine. Sauti huanza kwenda kwenye skrini. Skrini ikiwa na spika ndani yake, husikika huko. Ikiwa haina, kama ile ya Kimara, sauti hufika mahali pasipo na mdomo wa kuitoa, na mtumiaji husikia kimya. Waya wa HDMI ukichomolewa, njia hiyo hutoweka na mfumo hurudi kwenye njia ya zamani. Ndiyo sababu mkono wa yule mwanafunzi ulipata jibu ambalo macho ya watu wawili hayakulipata.

Kwa hiyo hakikuwapo kitu kilichoharibika, na hapo tunapata tofauti ya kwanza ya istilahi. "Ubovu" ni hali ya kitu kuharibika, na dawa yake ni kukitengeneza au kukibadilisha. "Hitilafu" ni hali ya mambo kutokwenda sawa, hata kama kila kiungo ni kizima. Lugha yetu inayo maneno yote mawili, na mfasiri hana udhuru wa kuyachanganya. Palipoandikwa "ubovu" mtu hufungua mfuko wake, na palipoandikwa "hitilafu" hutafuta sababu kwanza.

4. Neno moja, vifaa vitatu

Neno "kipaza sauti" limeundwa vizuri. Limetokana na kitenzi "paza", na kila msemaji wa Kiswahili hulielewa asipofundishwa. Kasoro yake si ya umbo. Inatokana na mahali lilipozaliwa.

Lilizaliwa kwenye mkutano wa hadhara. Katika mkutano, mzungumzaji husimama mbele ya kifaa cha kusemea, na chini ya meza kuna sanduku la kukuza mkondo, na juu ya mlingoti kuna tarumbeta za kutoa sauti. Wananchi waliviona vitu vitatu hivi kuwa chombo kimoja chenye kazi moja, yaani kupaza sauti ya msemaji, na walikuwa na haki. Mwenyekiti aliposema "leteni kipaza sauti", hakuna aliyeuliza ni sehemu ipi. Kwa hiyo neno moja lilitosha, na likaingia katika matumizi kwa maana zote: tunasema msemaji "ameshika kipaza sauti", na tena tunasema "kipaza sauti cha msikitini kinasikika mbali".

Katika kompyuta chombo hicho kimevunjwa vipande. Kifaa cha kuingizia sauti kina orodha yake, na kifaa cha kutolea sauti kina orodha yake, na vyote viwili vimo katika ukurasa mmoja wa skrini. Mfasiri anayetumia neno moja kwa vyote viwili anamwambia msomaji afungue mlango asimwambie ni upi.

Baadhi ya wasomaji watasema kwamba maneno yenye maana mbili ni mengi na hayajatudhuru. Ni kweli, na inafaa tuangalie kwa nini hayajatudhuru. Chukua neno "spika". Tunaye Spika wa Bunge, na tunayo spika ya redio. Hakuna anayechanganya, kwa kuwa upatanisho wa kisarufi hutenganisha: Spika amesimama, lakini spika imezimika. Vivyo hivyo "monita": monita wa darasa amechelewa, lakini monita ya kompyuta imechelewa kuwaka. Kiambishi kinafanya kazi ambayo nomino haikuifanya. Lakini kipaza sauti cha kusemea na kipaza sauti cha kusikilizia vyote ni vya ngeli ya ki-vi. Kimezimika, kimechomolewa, kimechaguliwa: kila kiambishi kinafaa kwa kimoja kama kinavyofaa kwa kingine. Sarufi haina msaada wowote wa kutoa, na muktadha nao hautoi, kwa kuwa vifaa hivyo hukaa jirani. Hapo ndipo utata unapogeuka kuwa hasara.

Je, tutumie nini? Wengine wamependekeza "kinasa sauti" kwa kifaa cha kusemea. Hatukubaliani nao, kwa sababu neno hilo limekwisha kuzoeleka kwa mashine ya kurekodi. Kifaa cha kusemea hakinasi kitu na kukihifadhi, bali hupitisha tu. Tunaona "maikrofoni" ni neno lililokwisha ingia na kukaa, kama redio na kaseti zilivyokaa, na halina mshindani mwenye nguvu. Kwa kifaa cha kutolea tunapendekeza "spika". Kwa kifaa cha katikati, kinachoongeza nguvu ya mkondo, tunapendekeza "kikuza sauti". Neno "kipaza sauti" halitupwi. Libaki pale lilipozaliwa, kwa maana ya chombo kizima cha mkutanoni, lakini lisitumike katika maelekezo ya kompyuta.

Tunajua kwamba wako watakaosikitika kuona maneno mawili ya kukopa yakipewa nafasi ya neno lililoundwa kwa Kiswahili. Tunawakumbusha kwamba kukopa si aibu, na kwamba lugha yetu imekopa karibu na mbali. Kutoka Kinyamwezi ilichukua "ikulu", na kutoka Kihaya ilichukua "ngeli", nayo ni istilahi ya sarufi tuliyoitumia hapo juu. Kuunda neno kwa mizizi yetu ni njia ya kwanza ya kuitazama, lakini sharti la kwanza ni kwamba neno liweze kukitenga kitu chake na vitu vingine vya fani yake.

5. Maneno mengine ya fani hii

Kadi. Neno hili lina kazi nyingi: kadi ya chama, kadi ya kliniki, kadi ya mwaliko wa arusi, na kadi nyekundu ya mwamuzi. Halina madhara maadamu limefuatwa na kielezi chake. Kwa kadi inayoshughulikia yanayoonekana kwenye skrini, tumekuta "kadi ya picha", "kadi ya grafiki" na "kadi ya michoro". La kwanza huweza kudhaniwa kuwa ni kadi ndogo ya kamera inayohifadhi picha. La pili liko karibu mno na "grafu" ya hisabati. Tunapendekeza "kadi ya michoro", kwa kuwa kazi ya kadi hiyo hasa ni kuchora upya skrini nzima mara nyingi kwa kila sekunde, yawe ni maandishi au picha.

Kiendesha kifaa. Kila kifaa cha kompyuta huhitaji programu ndogo ya kukitafsiria maagizo ya mfumo. Mafundi huiita "draiva". Maandishi mengi huiita "kiendeshi", lakini neno hilo hilo hutumiwa pia kwa diski ya kuhifadhia. Kosa hili ni ndugu wa lile la kipaza sauti: vitu viwili, ngeli moja, fani moja. Tunapendekeza "kiendesha kifaa" kwa programu, na "diski" kwa chombo cha kuhifadhia.

Chaguo-msingi. Neno hili limeenea, nasi hatulipingi, lakini walimu wametueleza kwamba wanafunzi hulielewa kuwa "chaguo lililo muhimu". Maana yake ni chaguo ambalo kompyuta hulifuata pale isipoambiwa vinginevyo. Mfasiri alieleze mara ya kwanza anapolitumia, kisha aendelee nalo.

Kusasisha na kuboresha. "Kusasisha", lililoundwa kutokana na "sasa", ni kuiletea programu toleo lake jipya. "Kuboresha" ni kuiongezea mashine uwezo kwa kiungo bora zaidi. Anayeambiwa asasishe kadi yake atatafuta programu, na anayeambiwa aiboreshe atakwenda dukani. Tofauti kati ya maneno hayo ni tofauti ya fedha.

Kusaka hitilafu. Ni kazi ya kutafuta chanzo cha hitilafu kwa utaratibu, hatua kwa hatua, kutoka lililo rahisi hadi lililo gumu. Wengi huandika "kutatua matatizo", lakini kutatua huja mwisho, na kusaka hutangulia.

6. Mfano wa maelekezo

Ili pendekezo lipimwe kwa kazi, tumeyaandika upya maelekezo ya karatasi ile kwa istilahi tulizozitaja. Walimu na makarani wanaweza kuyatumia kama yalivyo pale sauti inapotoweka baada ya kadi ya michoro kubadilishwa.

Kwanza, angalia lililo nje. Hakikisha spika zinawaka na sauti yake haikushushwa. Hakikisha waya wa spika umo katika tundu la rangi ya kijani. Tundu la waridi ni la maikrofoni, na la samawati ni la kuingizia sauti kutoka chombo kingine. Mashine inaposogezwa ili ifungwe kadi, waya hizi huchomoka au hurudishwa pasipo pake.

Pili, angalia sauti inakwenda wapi. Fungua mipangilio ya sauti, na usome orodha ya vifaa vya kutolea sauti. Ukiona jina la skrini yako au la kadi ya michoro ndilo lililochaguliwa, chagua spika za ubao mkuu mahali pake, na ulifanye chaguo-msingi. Hitilafu nyingi za aina hii huishia hapa. Usichomoe waya wa HDMI moja kwa moja, kwani ndio unaoleta picha. Kuuchomoa kwa muda ni jaribio tu: sauti ikirudi, umekwisha kujua kwamba ilihama.

Tatu, angalia programu yenyewe. Baadhi ya programu, na programu za kusoma skrini ni miongoni mwake, zina orodha yake ya kuchagulia kifaa cha sauti. Mfumo mzima waweza kuwa umerekebishwa, na programu moja ikaendelea kupeleka sauti kwenye skrini.

Nne, angalia kiendesha kifaa. Ikiwa spika za ubao mkuu hazimo katika orodha, huenda kiendesha kifaa chake kimeondolewa au kimezimwa. Kiwashe, au kipakie upya kutoka kwa mtengenezaji wa ubao. Unapopakia programu za kadi ya michoro, zile za sauti ya HDMI zaweza kuachwa ikiwa huna haja nazo.

Tano, angalia mipangilio ya kuwashia mashine, ile inayofunguliwa kabla mfumo wa uendeshaji haujaanza. Humo sauti ya ubao mkuu yaweza kuwa imezimwa. Iwashe.

Sita, zima mashine, chomoa waya wa umeme, ondoa kadi mpya, urudishe hali ya zamani, kisha washa. Sauti ikirudi, ubao mkuu ni mzima na hitilafu ni ya mpangilio. Isiporudi hata baada ya hayo yote, hapo tu ndipo pa kutamka neno "ubovu", na kutafuta kadi ya sauti au spika za kuchomeka katika tundu la USB.

Msomaji ataona kwamba utaratibu huu hauanzi na kununua. Tena ataona kwamba katika hatua zote sita hakuna mahali ambapo maikrofoni na spika zinaweza kuchanganywa.

7. Majina ya kelele

Si kila hitilafu ya sauti ni kimya. Baada ya kadi kubadilishwa, sauti yaweza kutoka lakini ikawa mbaya, na hapa Kiswahili kina utajiri ambao wafasiri hawautumii. Tumekuta "kelele" likitumika kwa kila kitu. Lakini fundi hutambua chanzo kwa aina ya mlio, kama mganga anavyotambua kikohozi.

"Mvumo" ni sauti nzito isiyokatika, kama ya nyuki. Mara nyingi hutokana na umeme wa majumbani, ambao kwetu hupiga mara 50 kwa sekunde, unapoingia katika waya wa sauti, hasa pale ambapo spika na kompyuta zimechomekwa katika soketi mbalimbali zenye waya wa ardhini usio mzuri. "Mtatariko" ni milio midogo mikavu, kama bisi zinazopasuka katika kikaango. Huashiria kwamba kompyuta inachelewa kuzifikisha tarakimu za sauti, na mara nyingi sababu yake ni kiendesha kifaa kibaya. "Mkwaruzo" ni sauti ya kukwangua, na husikika zaidi pale waya unapogusa vibaya katika tundu. "Kukatikakatika" ni sauti kwenda na kurudi. "Kuchelewa" ni sauti kufika nyuma ya picha, midomo ikatangulia na maneno yakafuata.

Maneno haya hatukuyabuni. Yamo katika vinywa vya watu, jikoni na mtaani. Tunachopendekeza ni kwamba kila moja lipewe maana moja katika fani hii, na lishikwe.

8. Muhtasari wa mapendekezo

Maikrofoni: kifaa cha kuingizia sauti.
Spika: kifaa cha kutolea sauti.
Kikuza sauti: kifaa cha kuongeza nguvu ya mkondo wa sauti.
Kipaza sauti: chombo kizima cha mkutanoni, lisitumike katika maelekezo ya kompyuta.
Kadi ya michoro: kadi inayoshughulikia yanayoonekana kwenye skrini, na mara nyingi huwa na njia yake ya sauti.
Ubao mkuu: ubao unaobeba viungo vikuu vya kompyuta.
Kiendesha kifaa: programu ya kukiunganisha kifaa na mfumo wa uendeshaji.
Chaguo-msingi: chaguo linalofuatwa pasipo agizo jingine.
Kusasisha: kuletea programu toleo jipya.
Kuboresha: kuongezea mashine uwezo kwa kiungo bora.
Hitilafu: mambo kutokwenda sawa.
Ubovu: kiungo kuharibika.
Kusaka hitilafu: kutafuta chanzo kwa utaratibu.

9. Hitimisho

Hatudai kwamba mapendekezo haya ndiyo ya mwisho. Istilahi husanifishwa kwa kujadiliwa, na hukubalika kwa kutumiwa. Tunawaomba walimu wayajaribu darasani na watueleze ni neno gani limewakwaza wanafunzi. Tunawaomba wafasiri, kabla hawajatoa karatasi ya maelekezo, wampe mtu mmoja asiyejua lugha ya asili aifuate mbele ya mashine, nao wakae kimya wamtazame. Mahali atakaposita ndipo pa kurekebisha. Na watumishi wa Serikali wanaopokea maelekezo ya mitambo kutoka nje tunawasihi wasipitishe tafsiri kwa kuwa tu imeandikwa kwa Kiswahili sanifu. Karatasi ya Kimara ilikuwa ya Kiswahili sanifu. Haikuwa na kosa la tahajia wala la sarufi. Kosa lake lilikuwa moja tu: haikumwambia msomaji ashike kipi.

Mwalimu alirudi Kimara na karatasi iliyoandikwa upya. Hakununua kadi ya sauti. Alichagua spika katika orodha, akarekebisha na programu ya kusoma skrini, kisha akaurudisha waya wa HDMI mahali pake. Wanaoona kidogo wakapata herufi zao kubwa, na wasioona wakapata sauti yao, katika mashine ile ile moja.